Kriketi Baina ya Laasiri na Magharibi

Mimi hukaanga mahamri mlangoni kwangu, katika kichochoro cha Mkomani kinachopanda kutoka pwani, na kwa bahati mbaya mlango wangu uko katikati. Juu yangu kuna duka la magodoro la Harith, mume wa dada yangu Swafiya. Chini yangu kuna duka la magodoro la Athman, binamu yake Harith, mtoto wa baba yake mkubwa. Kila asubuhi Athman hupita, huchukua mahamri yake, kisha huniambia, "Bi Lubna, nisalimie yule bwana wa juu." Punde si punde Harith hushuka, nami humwambia, "Wasalimiwa na wa chini." Naye hunijibu, "Mrudishie." Basi namrudishia. Toka duka hili hadi lile mtu hawezi hata kumaliza kupiga chafya, na wote wawili Mungu amewapa miguu. Lakini mbeba salamu ni mimi, na mafuta yangu jikoni yanaungua.

Msidhani kwamba hawakai pamoja. Hukaa baraza moja, ile iliyo mbele ya ukuta wangu, huyu mwanzo wa baraza na huyu mwisho, watu wengine katikati. Hucheka mzaha mmoja na huhuzunikia msiba mmoja. Ila neno la huyu halimfikii huyu mpaka lipitie kwa mtu wa tatu, hata kama wote wamelisikia. Mahamri na mbaazi nawapelekea kwa sahani mbili, moja kila upande.

Zamani duka lilikuwa moja. Walikuwa wakichambua sufi pamoja, wakitoa mbegu, wakiipiga kwa fimbo mpaka ivimbe na kuwa nyepesi, na bibi harusi wa Mkomani akiambiwa godoro lake limeshindiliwa na Harith na Athman, mama yake alipumua. Kisha mwaka mmoja, mwezi wa Shaaban, harusi zimepangana na magodoro yamejaa hadi mlangoni, Harith akaamka alfajiri, akapanda boti ya kwanza ya Mokowe, na safari yake haikukoma ila Maskati. Swafiya aliagwa. Mama aliagwa. Hata mimi niliagwa, na wakati huo nilikuwa sielewani naye. Athman hakuagwa. Alifungua duka, akakaa akimngoja mwenzake, mpaka muuza samaki alipopita akamwambia kwamba mwenzake yuko baharini.

"Watu huondoka," Athman aliniambia siku moja. "Sikukasirika kwa kuondoka. Menipita kana kwamba mimi ni ukuta."

Harith naye ana lake, na nililisikia kwa Swafiya, kwa sababu Harith si msemaji. Alijua kwamba akienda kumuaga Athman, Athman atamwambia keti kwanza tunywe kahawa, naye ataketi, na akiketi haendi tena. Kwa hivyo alipita. Huo ndio ushujaa wa mume wa dada yangu.

Alikaa huko miaka. Wenzake waliorudi kutoka Uarabuni walirudi na mafriji, na televisheni zisizoingia katika milango yetu myembamba. Harith alirudi na sanduku la nguo na gongo la kriketi lililofungwa tepu shingoni. Swafiya aliligeuza huku na huku, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni la kupondea nyama. Nikamwambia, "Jaribu." Alijaribu, na Harith alipiga kelele ambazo hatujazisikia kwake kabla wala baada.

Tangu hapo mtaa mzima ukapata kitu cha kumtania. Anapopiga sufi, huipiga kwa mtindo: mguu mmoja mbele, kiwiko juu, fimbo inashuka na kupanda, na nyuzi nyeupe zinaruka zikamganda ndevuni. Wapitao husema, "Bwana Harith, umefunga ngapi?" Yeye hujibu kwa makini kabisa, "Sitini, na sijatolewa." Kwenye simu yake hakuna kitu ila kriketi. Nimewahi kumuona akitazama mechi iliyoanza jana.

Siku ilipozungumzwa barazani kwamba kriketi inarudishwa Olimpiki, huko Los Angeles, mwaka wa ishirini ishirini na nane, Harith alishuka kichochoro na uso unaong'aa kama aliyeposa. Watu walikuwa wamebanana barazani wakila. Athman alikuwa mwisho wake wa kawaida, na Athman ndiye mwenyekiti wa kamati ya michezo ya Idi ya mtaa wetu, kwa hivyo habari za ratiba zikitajwa hujiona zinamhusu hata zikiwa za Marekani.

"Muulizeni bwana yule," Athman akasema akitazama ukuta, "Olimpiki ina kuogelea, ina mbio, ina mpira, ina ngumi. Siku zenyewe hazitoshi. Mtezo wa siku tano watautia wapi?"

"Mwambieni si siku tano tena," Harith akasema akitazama paka. "Umefupishwa. Saa tatu umekwisha. Na mwambieni Olimpiki farasi wapawa nafasi ya kuteza ngoma, mimi mewaona kwa mato yangu. Farasi ateza ngoma, na kriketi yambiwa pamejaa?"

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nageuza mahamri, lakini masikio yalikuwa barazani.

"Na mwambieni," Harith akaongeza, "kriketi ilitezwa Olimpiki kale. Paris."

"Muulizeni zilikuwa timu ngapi," Athman akasema.

"Timu ngapi, shemeji?" nikauliza mimi, maana kazi ni yangu.

Harith akakohoa. "Mbili."

"Lo!" Athman akapiga paja. "Basi alofungwa alirudi kwao na nishani ya fedha!"

Baraza ilianguka kwa kicheko, na Harith mwenyewe alicheka. Kisha akafanya jambo ambalo si kawaida yake, aliendelea kusema. "Mimi nauliza moya tu. Baraza hii, yeo, imeyaa. Mtu akiya sasa akatoa salamu, nani atamwambia hapana nafasi? Hatuyamwambia mtu hivyo tangu tuzawe. Twasema sogeani. Na watu husogea, na yule hukaa. Kwani wale wa Olimpiki hawayui kusogea?"

Athman alitafuna hamri lake mpaka likaisha, ndipo akasema na ukuta:

"Mwambieni ratiba ya Idi imeyaa kama ya Olimpiki. Idi mosi kuna kuogelea na mbio za punda, Idi tatu kuna fainali ya mpira. Idi pili asubuhi kuna kuvuta kamba. Pamesalia baina ya laasiri na magharibi. Ateze hapo. Mtezo wake ukisha kabla ya adhana, utaingia katika ratiba yetu kulla mwaka. Ukikatwa na adhana, gongo lile akapondee nyama, na asitutajie kriketi tena barazani."

Nilimtazama Harith. Nilidhani atatania. Alikuwa akihesabu dakika kwa vidole.

Jioni ile nilikwenda kwao nikamkuta sebuleni akiviringisha makumbi ya nazi yawe mpira, akiyafunika kwa kitambaa cha godoro na kushona. Nilimwambia, "Shemeji, ni mchezo tu. Wakiukataa si kitu."

Hakuinua macho. "Lubna, wayua nilipofika Maskati nilikaa miezi sina mtu wa kusema naye? Kazini hunena Kihindi na Kiurdu. Siku ya Ijumaa wenzangu hula, huimba, mimi hukaa juu ya ngazi nitazame magari. Wao hutezea kriketi palipo magari. Siku moya mzee wa Kipakistani akanitazama, akawaambia wenzake neno, wakasogea. Akanipa mahali pa kusimama, kando ya pipa la taka. Ndipo pangu. Kulla Ijumaa, pipa lile lilikuwa langu." Akavuta uzi akaukata kwa meno. "Nataka na huku kwetu niwe na pahali. Si kama mtu alorudi na gongo."

Nilitaka kumtania kuhusu lile pipa, nikaacha. Nikamwambia Swafiya anipe sindano nyingine, tukashona mipira sisi watatu.

Idi pili ikafika. Uwanja ni ule wa mchanga ulio nyuma ya mji, wanapofungwa punda siku za kawaida. Mtaa wa juu, timu ya Harith, na mtaa wa chini, timu iliyoundwa na wapinzani wake. Kila timu ova kumi, yaani mipira sitini ya kurushiwa. Kwa kinga za miguu Harith alitoa mito ya sufi, akawafunga wapigaji kwenye ugoko, nao wakatembea kama watu waliovunjika. Refa alikuwa Ndirangu, muuza misumari na rangi, aliyetoka bara. Alichaguliwa kwa sababu yeye peke yake pale uwanjani hakuwa na undugu na mchezaji yeyote. Mtaa wa chini ulipungukiwa na mtu mmoja, na Athman, kwa kukataa mtaa wake uonewe, akavua kanzu, akabaki na kikoi na fulana, akasema atasimama nyuma ya vijiti vitatu vinavyolindwa na mpigaji, kwa sababu hapo hapana kukimbia.

Mtaa wa chini ulianza kupiga. Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Sisi wanawake tulikuwa kwenye mikeka kando ya ukuta, na tulikuwa tumeshaelewa kwamba ukipiga mpira, wewe na mwenzako wa upande wa pili mnapishana mbio kutoka vijiti hivi hadi vile, na mpira ukikutangulia umetoka, na kwa sharia yetu ya mchangani mikimbio ya mpira ule haihesabiwi. Kisha Hamdun, mchukuzi wa bandarini, mwenye nguvu za kuinua punda na mzigo wake, akaupiga mpira ukaenda hadi kwenye majani ya punda. Akakimbia. Akarudi. Akageuka kukimbia tena, na ndipo Bwana Abdulghafur, baba wa mkewe, alipokatiza uwanja akitoka kuzuru jamaa zake, mkongojo mkononi, hana habari kwamba pana mchezo.

"Asalaam alaykum, Hamdun," akasema mzee.

Hamdun alisimama palepale. Mtu gani hasimami kwa mkwewe? Akageuka, akaitikia, akainama akambusu mkono, akaulizwa habari ya watoto, akazitoa, akauliza habari ya goti la mzee, akapewa goti lote tangu lilipoanza kuuma. Mpira ukatoka majanini, ukarushwa taratibu, vijiti vikaangushwa. Ndirangu akainua kidole.

Zogo likazuka. Mtaa wa chini ukasema salamu ni wajibu kujibiwa, hapana mtu wa kutolewa kwa wajibu. Ndirangu akasema yeye ameambiwa aangalie vijiti, hakuambiwa aangalie wakwe. Mchezo ukasimama, jua likaendelea na safari yake. Mwishowe Hamdun mwenyewe akasema basi, ametoka, ila mzee asisumbuliwe.

Kumbe hapo ndipo mlango ulipofunguliwa. Vijana wa Harith waliona lililotokea, na dakika ile wote wakawa watu wenye adabu kupita kiasi. Kila mpigaji akianza kukimbia, mtu mmoja humwita kwa jina la ukoo na kumtakia Idi njema, mwingine humuuliza mama yake amepona? Na wale wapumbavu walisimama! Si wote, lakini mguu unasita. Umelelewa toka mdogo kwamba hupiti mtu akikusalimu. Sasa leo, kwa sababu ya mpira wa makumbi, utajifanya kiziwi? Walitoka mmoja baada ya mwingine huku wakisema alhamdulillahi, hawajambo, wakusalimu.

Harith alikuwa karibu kulia. "Msisalimiane!" akapiga kelele. "Sharia mpya! Hapana salamu ndani ya mtezo!"

Athman alikuwa amekaa kivulini, anangoja zamu yake ya kupiga. Alinitafuta kwa macho hadi kwenye mkeka. "Bi Lubna," akaita, uwanja wote ukisikia, "mwambie bwana yule, mtezo ukatazao watu kusalimiana hautaingia Idi yetu hata ukisha kabla ya adhuhuri."

"Shemeji," nikasema, "umesikia."

Alisikia. Sharia mpya ikafa changa, na mtaa wa chini ulipomaliza ulikuwa umekusanya mikimbio hamsini na sita.

Zamu ya mtaa wa juu ilikuwa kisasi. Mtaa wa chini ulisalimia kama watu waliorudi Hija. Mpigaji mmoja aliziba masikio akakimbia, akagongana na mwenzake katikati. Punda alikata kamba akapita uwanjani na mto wa sufi mdomoni. Mpira wa kwanza ulifumuka, wa pili ukaangukia uani kwa watu, na mwenye nyumba hakuutoa mpaka waliokwenda kuuchukua wakubali kuonja vileja. Kila mara Harith alitazama jua, na kila mara lilikuwa limeteremka zaidi. Wapigaji wakatoka, wakatoka, hata akabaki yeye na mwenzake wa kukimbia, yaani mpwa wangu aliyekimbia tu bila kupiga. Harith akitolewa, mchezo umekwisha. Mikimbio hamsini na tano. Anataka miwili ashinde.

Na pale msikitini tukasikia kipaza sauti kikiamka. Fuu, fuu. Mtu anapuliza kujaribu kama umeme upo.

Swafiya alinishika mkono akanibana kucha. Mipira bado ilikuwepo ya kurushwa, lakini muda wa kuirusha haukuwepo. Mpaka mrushaji arudi nyuma, ajifute jasho, akimbie tena, adhana itakuwa imekwisha. Ulikuwepo mpira huu mmoja tu. Ukienda mmoja na kubaki palepale, mchezo umekatwa, na gongo linakwenda jikoni.

Hamdun akarusha. Harith akatia mguu mbele, kiwiko juu, akaupiga vile apigavyo sufi, chini na tena juu, na mpira ukakimbilia kwenye majani. Sote tulisimama. Akakimbia mkimbio wa kwanza, mito inampiga miguuni. Akageuka. Wa pili. Anakuja upande wa vijiti alivyosimama Athman, mdomo wazi, ndevu zina sufi hata siku ya Idi. Mpira umeshaokotwa lakini uko mbali. Alikuwa amefika. Naapa alikuwa amefika. Zilibaki hatua zisizomshinda mtoto.

"Asalaam alaykum, Harith."

Athman alilisema lile jina. Hakusema yule bwana, hakusema mtu yule, hakunitafuta mimi kwenye mkeka. Alimtazama usoni.

Harith akasimama.

Mtaa wa juu wote ulipiga ukelele. "Pita! Pita, Bwana Harith! Jibu ukikimbia!" Hatua mbili tu, na ameshinda, na kriketi imeingia, na aliyekuwa akimcheka barazani hatamcheka tena. Naye anaijua hila ile kuliko wote. Tangu mchezo uanze ameilalamikia. Aliushusha mwisho wa gongo mchangani.

"Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, Athman," akasema. Pumzi zilimkatika. "Siku ile nilikupita. Yeo sikupiti."

Mpira ukaja, Athman akaudaka kwa mikono miwili. Mtaa wa chini sasa ndio uliopiga kelele, "Angusha! Angusha!" Yeye alikuwa hana haraka. Alishika ule mpira kama mtu aliyeshikishwa mtoto.

"Hujambo?" akauliza.

"Siyambo. Wewe huyambo?"

"Siyambo. Na Swafiya?"

"Hayambo. Akusalimu."

"Tumefikiwa," akasema Athman. Kisha akainama akavigusa vijiti kwa mpira, polepole, kimoja kikaanguka. Ndirangu akainua kidole. Mikimbio ya mpira ule imefutika, mchezo umekwisha, mtaa wa chini umeshinda kwa mkimbio mmoja. Hata watu hawajajua washangilie au walie, muadhini akasema Allahu Akbar.

Watu waliuliza sana baadaye, na mpaka leo wanauliza. Wapo wanaosema Athman alifanya hila ili mtaa wake ushinde. Wapo wanaosema alisikia kile kipaza sauti kama sote, akajua kwamba Harith akifika salama au akibakia nyuma, mtu wa kubisha kuhusu wakati atapatikana mtaa wa chini, lakini akitoka, mtaa wa chini umeshinda, na hakuna wa kubisha kwamba mchezo umekwisha kabla ya adhana. Nilimuuliza mwenyewe nikimpa mahamri. "Bi Lubna," akasema, "mimi nilimsalimia ndugu yangu. Kwani ni vibaya?" Mimi nadhani alitaka yote kwa mpigo, ushindi, na kriketi, na Harith, na Mungu akampa.

Asubuhi ya pili ya mchezo ule Athman alipita mapema, akachukua chakula chake, nami nikanyoosha shingo nikingoja mzigo wangu wa salamu. Hakunipa chochote. Alikwenda akakaa. Watu walikuwa wengi, kila mmoja anataka kusimulia alivyotoka, na baraza ilikuwa imejaa hata mtoto hapati pa kuweka tako. Harith akashuka, akasimama, akatafuta mwisho wake wa siku zote, ukawa umekaliwa.

"Pamejaa," mtu mmoja akasema kwa utani. "Nenda Olimpiki."

Athman akasukuma wa kushoto kwake kwa bega. "Sogeani," akasema. "Sogeani, nduu yangu akae."

Wakasogea. Harith akaketi, goti kwa goti na Athman. Mimi nilikuwa nimeshapakua sahani mbili kwa mazoea. Nikaimimina moja ndani ya nyingine, nikaongeza mbaazi juu, nikawawekea katikati.